Mwelekeo wa Kicheko: Uhakiki wa Utendaji wa Wanawake wa Heri wa Windsa katika Uwanja wa Wazi

Sehemu hii inahakiki utendaji wa Wanawake wa Heri wa Windsa, tafsiri ya futuhi ya mapenzi ya William Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, iliyofanywa na Joshua Ogutu. Tafsiri hiyo ilitendwa Aprili 2012 na kundi la Bitter Pill pamoja na The Theatre Company ya Kenya, chini ya uongozaji wa Daniel Goldman na Sarah Norman, katika jukwaa lisiloezekwa la Globe, London. Ilikuwa sehemu ya tamasha lililokutanisha tamthiliya 37 za Shakespeare katika lugha 37. Tafiti nyingi za tafsiri hupima ulinganifu wa matini chanzi na matini lengwa. Hapa kipimo ni kingine: nani anacheka, na nani anachekwa?

Anwani yenyewe inahitaji kuhojiwa. Matini chanzi inazungumzia wake, yaani wanawake walio katika ndoa, na uchangamfu wao. Neno “wanawake” linalegeza kifungo cha ndoa, ilhali mgogoro mzima umejengwa juu ya wivu wa mume, Ford, asiyeamini kwamba mke mcheshi anaweza kuwa mwaminifu. Neno “heri” nalo linaegemea kwenye baraka kuliko uchangamfu. Mwanamke wa heri hashukiwi, lakini mwanamke mcheshi hushukiwa. Mwalimu Nyerere alipoandika Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye aligeuza mfanyabiashara mmoja wa anwani ya Kiingereza kuwa tabaka zima, lakini badiliko hilo lilizidisha mgogoro. Badiliko la Ogutu linaupunguza.

Hata hivyo, kinachopungua katika anwani kinarejeshwa na msuko. Falstaff, mwungwana aliyefilisika, anawaandikia Bibi Ford na Bibi Page barua zinazofanana neno kwa neno, akitamani fedha za waume zao. Wanawake hao wanamlipizia mara tatu: anafichwa katika kapu la nguo chafu na kutupwa mtoni, anavishwa mavazi ya kikongwe na kupigwa, na mwishowe anafinywa mwituni na watoto waliojigeuza pepo. Kicheko kinatoka chini kwenda juu. Mwelekeo huu ni kinyume na ule wa vichekesho vya enzi ya ukoloni nchini Tanganyika, ambavyo mara nyingi vilimdhihaki mtu wa shamba aliyeshindwa kuiga ustaarabu wa kigeni.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Tamthiliya hii ina pia kicheko cha kudunisha: Daktari Caius, Mfaransa, na Kasisi Evans, mtu wa Wales, wanachekwa kwa jinsi wanavyokiharibu Kiingereza. Katika Kiswahili, lafudhi ni mtaji mkongwe wa wachekeshaji, na anayelipa gharama yake kwa kawaida ni yule ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Kwa hiyo tafsiri inayohamisha mzaha huo bila tahadhari inaweza kurudisha dhihaka ileile ambayo msuko mkuu unaipindua.

Ugawaji wa nafasi mwaka 2012 unatoa jibu. Falstaff aliigizwa na Mrisho Mpoto, mghani mashuhuri wa Tanzania, akiwa kati ya waigizaji wa Kenya. Katika fikra iliyoenea Afrika Mashariki, Kiswahili cha Tanzania ndicho chenye hadhi. Kumpa mghani huyo nafasi ya mlaghai anayeamini kwamba maneno matamu yatamfungulia kila mlango ni kuifanya hadhi hiyo ya lugha ichekwe. Fanani mwenye ulimi mwepesi kuliko wote ndiye anayeishia kapuni.

Uwanja wa wazi unaukamilisha mwelekeo huo. Katika Globe, watazamaji takribani 700 husimama mbele ya jukwaa, na mwanga huwaangukia wao pamoja na waigizaji. Hivyo aibu ya Falstaff inashuhudiwa na watu wanaoonana wakicheka. Wasiojua Kiswahili walipewa muhtasari wa maonesho kwa Kiingereza, uliowaeleza kinachotokea bila kuwafikishia namna kilivyosemwa. Kwao lafudhi haikuwa na uzito wowote, na kwa sababu hiyo sifa walizolitolea onesho haziwezi kutosha kuwa tathmini yake.

Tathmini hiyo inahitaji hadhira inayosikia tofauti hizo. Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama, karibu na Mwenge, kina uwanja wa wazi wa ngoma unaofaa kwa kikundi cha ridhaa. Lakini Mwenge ni pia mahali pa soko la vinyago, ambako wachongaji wa Kimakonde wamefanya kazi kwa miongo mingi, na lafudhi ya Kimakonde ni miongoni mwa zile zinazotaniwa sana jijini. Kikundi kitakachompa Caius lafudhi hiyo kitapata kicheko cha haraka, na kitakuwa kimewageuza majirani wa uwanja kuwa shabaha. Utafiti huu unapendekeza lafudhi za tamthiliya hii zigawanywe kwa kufuata majivuno ya mhusika badala ya kabila, na anwani irejeshewe neno “wake.” Bibi Page anahitimisha kwa kumwalika kila mmoja nyumbani, Falstaff akiwamo, wakalicheke tukio hilo pamoja. Mwaliko huo unaaminika pale tu ambapo hakuna mtazamaji aliyeachwa nje na mzaha uliotangulia.