Miungu ya Wino

Fundi wa milango wa Lamu akikushika mkono akuoneshe kazi yake, hakupeleki kwanza kwenye nakshi ambazo kila mpita njia huzitazama, bali hukuinamisha uchungulie pale mwimo unapoingia kizingitini, ubao ndani ya ubao, maana hapo ndipo mlango unapokaa au unapoanguka. Nimeikumbuka desturi hiyo kila nilipoketi na vitabu vya watungaji waliojitwisha kazi ngeni kuliko zote katika ufundi wa hadithi, nayo ni kazi ya kubuni miungu wasiokuwapo, kuwapa nchi isiyokuwapo, na kuwajengea mahekalu ambayo msomaji, ingawa ajua fika kwamba yote ni wino na karatasi, hujikuta akipunguza sauti yake anapoyaingia.

Najua wapo kwetu pwani watakaokunja uso, wakiuliza mtu aliyepiga goti chuoni akahitimu ana haja gani na miungu wengi, hata wawe wa kubuni. Siwalaumu, ila nawakumbusha kwamba Shaaban Robert alipoiinua nchi nzima pamoja na baraza lake la hukumu akaining'iniza angani, katika Kusadikika ya mwaka 1951, hapana aliyemshitaki kwa kuharibu jiografia. Mtungaji wa hadithi hamtaki msomaji imani yake. Humwazima dunia kwa muda wa kurasa chache, kisha huitaka irejeshwe kabatini.

Kwa lugha ya Kiingereza, mmoja wa walioufungua mlango huu kwa ujasiri ni Bwana Dunsany, mtu wa ukoo mkubwa wa Ireland, ambaye mwaka 1905 alitoa mfukoni mwake gharama za kupiga chapa kitabu chembamba kiitwacho The Gods of Pegāna. Humo mkuu wa miungu, Mana-Yood-Sushai, baada ya kuwaumba wenziwe, amelala, na karibu naye ameketi Skarl mpiga ngoma, ambaye mdundo wake ndio umbembelezao mkubwa asiamke. Na siku ngoma itakaponyamaza, mlalaji ataamka, na dunia zote, na miungu pamoja nazo, hazitakuwapo tena.

Fikra hiyo ni kubwa, lakini siyo iliyoniteka. Mungu wa bahari na mungu wa mauti, mwanafunzi mwenye kalamu nzuri aweza kuwabuni kabla ya adhana ya alasiri. Ustadi wa Dunsany wauona pale anapowaleta miungu wadogo wa nyumbani, ambao hakuna mfalme aliyewapigia goti: Pitsu, ambaye kazi yake yote ni kumpapasa paka, Hobith, amtulizaye mbwa, Habaniah, mwenye mamlaka juu ya makaa mekundu, Zumbiboo, bwana wa vumbi, na Jabim, bwana wa vitu vilivyovunjika, mwenye makazi yake uani nyuma ya nyumba, na huzuni yake ni kwa kila kilichotupwa. Mimi niliyemwona bibi yangu akikataa katakata kutupa vigae vya sahani ya kaure iliyovunjika tangu kabla sijazaliwa, sikuhitaji kuelezwa Jabim ni nani. Nilishangaa tu kwamba mtu wa mbali kama huyo amemjua.

Hata hivyo Dunsany, pamoja na heshima yote anayostahili, ni mwimbaji kuliko kuwa mwashi. Katika mji wake wa Aradec limo hekalu, na wamo manabii wasemao maneno mazito, lakini msomaji akitoka humo hakumbuki sakafu ilikuwa ya nini, wala hakumwona mtu aliyeshika ufagio.

Ufagio huo aliushika Ursula K. Le Guin. Huyu alizaliwa California mwaka 1929, binti wa Alfred Kroeber, mwanachuoni aliyetumia umri wake kuchunguza mila za wenyeji wa kale wa nchi ile, na sidhani kama ni kwa sadfa kwamba mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo alikuja kujua kwamba dini, kabla ya kuwa maneno, ni kazi za mikono za kila siku. Alikwenda kwa siku chache katika jangwa la mashariki ya Oregon, akarudi na kitabu kichwani. Kitabu hicho, The Tombs of Atuan, kilitoka mwaka 1971, na kwa maoni yangu hapana hekalu la kubuni lililojengwa imara kuliko lile.

Tazama jinsi alivyopanga majengo yake. Msafiri ajaye kutoka mashariki, akivuka nyika kavu, huona kwanza paa la dhahabu la hekalu la Miungu Ndugu likimeta, na hekalu la Mfalme-Mungu, lililo jipya kuliko mengine, na nguzo zake nyeupe zenye vichwa vya rangi, ambazo kila moja ni gogo zima la mwerezi lililoletwa kwa jahazi kutoka nchi ya mbali yenye misitu, kisha likaburutwa na watumwa ishirini jangwani hadi mahali pake. Lile la Miungu Ndugu ni la zamani zaidi. Na ni baada tu ya macho kushiba dhahabu ndipo msafiri atakapoona, juu ya kilima, likiwa na rangi ile ile ya jangwa, jumba la Kiti cha Enzi, kubwa na la chini chini, kuta zake zina viraka na kuba lake linamomonyoka; na nyuma yake mawe tisa meusi, mengine yameinama na mawili yameanguka, ambayo hakuna ajuaye nani aliyeyasimamisha. Hilo bovu ndilo la wakuu wa kweli wa mahali pale, wale wasio na majina. Le Guin hakutuandikia tarikh ya ufalme ule kwa sura na aya; ametuonesha tu rangi mpya imepakwa wapi na ufa umeachwa wapi, nasi tukaisoma wenyewe: kwamba wafalme, walipojifanya miungu, waliacha kulikarabati jumba la wale waliowatangulia, wala hawakuthubutu kulibomoa.

Ndani ya jumba hilo yumo msichana aliyetwaliwa kwa wazazi wake angali mtoto mdogo, kwa kuwa alizaliwa usiku ule aliokufa kuhani wa kike aliyemtangulia, nao wakasadiki kuwa ni yeye huyo huyo amerudi. Jina lake Tenar limeondolewa, akaitwa Arha, yaani Aliyeliwa. Mwezi ukifa hucheza mbele ya kiti kitupu, na wanawake huimba maneno ya kale mno kiasi kwamba maana yamekwisha yapoteza, yakabaki sauti. Mchana ni kusokota sufu, kufuma nguo nyeusi, na kula dengu. Na chini ya ardhi kuna giza ambamo taa ni haramu, na njia za mzingile ambazo Arha hujifunza kwa vidole, akihesabu matundu ukutani, mpaka nyumba ya miungu wake aijue kama kipofu aijuavyo nyumba yake.

Niliposoma kurasa hizo nilikumbuka mapango ya Amboni, karibu na Tanga, ambako watu wa jirani huacha sadaka zao kwa mzimu: vipande vya nguo, sarafu, chupa za marashi. Kiongozi wetu alizima taa kwa mzaha ili tuone giza lilivyo, na katika kundi letu la watu wenye maneno mengi hapana aliyecheka. Le Guin alijua kwamba hofu ya namna ile haihitaji jini wala radi. Yahitaji tu ukuta wenye unyevu na sauti ya pumzi yako mwenyewe.

Na hakusahau kumweka hekaluni mtu asiyejali. Yupo msichana mmoja, Penthe, mnene na mcheshi, mpenda matofaa, ambaye anaungama waziwazi kwamba angeona heri aolewe na mchunga nguruwe kuliko kuzikwa hai katika utawa, na kwamba yule Mfalme-Mungu, aabudiwaye katika nchi zote nne, bila shaka hukata kucha za miguu kama mwanamume mwingine. Arha anatetemeka kusikia hivyo, na msomaji hutetemeka naye huku akitabasamu. Kwa kuwa dini isiyo na Penthe ndani yake hujulikana mara moja kuwa imebuniwa na mtu aliyeketi mezani.

Kuna mmoja zaidi siwezi kumwacha, naye ni C. S. Lewis, katika Till We Have Faces ya mwaka 1956. Mungu wake wa kike, Ungit, anayeabudiwa katika ufalme wa Glome, hana uso wala mikono. Ni jiwe jeusi tu, na hekalu lake ni giza lililojaa harufu, ya damu ya njiwa na mafuta yaliyoungua na nywele zilizobabuka na divai na ubani uliochacha, harufu ambayo binti wa mfalme huijua kwa kuhani kabla hajamwona, na humtia hofu tangu utotoni. Harufu ikishapita puani, hoja hazina kazi tena. Baadaye anakuja kuhani mpya, mtu wa elimu, analeta sanamu nzuri iliyochongwa kwa mtindo wa Kiyunani, mwanamke mwenye uso wa kupendeza, na kuisimamisha hekaluni. Lakini jiwe la kale haliondoi.

Binti wa mfalme, ambaye sasa ni malkia na mzee, ameketi humo siku moja anapoingia mwanamke wa shamba akilia, amebeba njiwa. Ndege anachinjwa, damu inamiminwa juu ya jiwe, na yule mwanamke analala kifudifudi muda mrefu, kisha anainuka ametulia, kama mtu aliyetua mzigo. Malkia anamuuliza kama siku zote humwomba huyu wa jiwe. Naye anajibu kwamba yule mwingine ni wa wakubwa na wenye elimu, na kwake hakuna faraja. Anakwenda zake. Kabla mwanamke huyo hajaingia, malkia alikuwa akilitazama lile jiwe, na katika vibonge vyake vilivyolowa damu akaona uso, uliovimba kama mkate, unaofanana na wa yaya wake aliyemlea. Na ile sanamu nzuri imesimama pale pale, hakuna aliye mbele yake.