Kumjua Fundi wa Pikipiki Mpya

Anayenunua Boxer au TVS yake ya kwanza huambiwa na kila mtu aipeleke sevisi ikifika kilomita 500 hadi 750. Asichoambiwa ni namna ya kuipima kazi ya fundi atakayemkabidhi. Wengi huridhika wakiona oili imebadilishwa na pikipiki imeoshwa, wakalipa. Mimi nasema itazame mikono ya fundi.

Fundi wa kweli huiwasha injini kwanza ipate joto, maana oili ya moto hutiririka vizuri na kuondoka na uchafu wake. Huikinga kwenye beseni, akachovya kidole na kuisugua. Oili ya kwanza ikimetameta kwa vumbi laini la chuma, usishtuke: gia, ringi na silinda bado vinazoeana. Lakini chembe ambazo kidole kinazihisi ni habari nyingine kabisa, na fundi anayeziona asikuite uzitazame hajakutendea haki.

Kisha kuna bolti ya kumwagia oili. Hapa ndipo ninapomjua mtu. Fundi mzuri huirudisha kwa vidole, mizunguko kadhaa, ndipo achukue spana. Tundu lake limechongwa kwenye aluminiamu. Bolti ikiingia mshazari kisha ikalazimishwa, thredi zinakatika, na pikipiki mpya inaanza kuvuja.

Oili yenyewe isiwe ya gari. Klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2.

Cheni haipimwi mahali pamoja tu. Gurudumu lizungushwe, ipimwe penye mkazo zaidi, iachiwe mchezo wa sentimita 2 hadi 3 au kama kitabu chake kinavyosema. Alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma zilingane.

Sasa kuanguka. Mara nyingi ni mchangani au kwenye tope, mwendo mdogo, na aibu humfanya mwendeshaji mpya ainyanyue pikipiki na kuondoka mbio. Zima injini kwanza. Ukishaisimamisha, zungusha eksileta uiachie: isiporudi yenyewe, usiendeshe. Angalia pedeli ya gia na ya breki kama zimepinda. Kofia ikigonga chini ikiwa kichwani, nunua nyingine hata kama huoni ufa.

Ukifika gereji, fundi anayejua atakuuliza imelalia upande gani. Atasimama mbele, abane gurudumu kwa magoti, alinganishe na usukani. Mara nyingi shokapu za mbele hazijapinda. Zimejisokota tu kwenye vishikio, na kulegeza bolti, kunyoosha na kukaza upya kunatosha. Anayekimbilia kukuuzia shokapu mpya kabla ya kujaribu hilo, au anayeshika nyundo, mwondokee.

Mwisho atagonga spoku moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza. Iliyokazwa hulia kwa sauti ya juu, iliyolegea hutoa mlio mfu. Spoku za pikipiki mpya hulegea mapema hata bila kuanguka, kwa hiyo mwambie utarudi baada ya siku chache azigonge tena. Akikukubalia kwa moyo, umepata fundi.