Pumzi ya Pili ya Hilux: Injini ya 1KZ-TE katika Pikapu ya Milima ya Borabu

Fundi anayeiondoa injini ya 3L katika pikapu ya Toyota Hilux LN106 na kuweka mahali pake injini ya 1KZ-TE huwa ameongeza sentimita za ujazo 203 tu, kwa maana ya kwanza ina 2,779 na ya pili 2,982. Tofauti hiyo ndogo haitoshi kueleza kwa nini pikapu ile ile, ikiwa na shehena ile ile ya maziwa au ya majani chai, hubadilika mno inapofika mlimani. Maelezo yamo katika hewa, hasa hewa ya mahali kama Nyansiongo, mji wa eneo la Borabu katika Kaunti ya Nyamira, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo hupata pumzi pungufu katika kila mzunguko wake.

LN106 ni Hilux ya kizazi kilichotoka kiwandani kati ya mwaka 1988 na 1997, yenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, na ekseli yake ya mbele ni mhimili mzima unaobebwa na springi za majani, jambo lililoipa sifa ya ugumu na, kwa haki kabisa, sifa ya kumrusha abiria. Injini yake ya dizeli ya 3L huvuta hewa kwa kunyonya tu: pistoni inaposhuka, hewa ya nje huingia kujaza nafasi iliyoachwa. Katika usawa wa bahari injini hiyo hutoa nguvu farasi zipatazo 91, lakini katika mita 2,000 msongamano wa hewa hushuka hadi asilimia 82 hivi ya ule wa pwani, na nguvu hupungua kwa uwiano unaokaribiana na huo, hivi kwamba dereva wa Nyansiongo hubaki na nguvu farasi sabini na kitu tangu gari likiwa jipya. Pampu ya dizeli nayo, ikiwa imepimwa kwa hewa ya chini, huendelea kupeleka mafuta ya hesabu ile ile, na ziada isiyopata hewa ya kuunguzwa nayo hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweusi, ambao wengi huudhania kuwa dalili ya nozeli mbovu.

Turbo hukata mzizi wa tatizo hilo. Ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja: ya kwanza husukumwa na moshi wa ekzosi unaotoka kwa kasi, na ya pili, ikizungushwa na ile ya kwanza, huishindilia hewa ndani ya silinda badala ya kungoja inyonywe. Kwa sababu hewa hushindiliwa, upungufu wa mlimani hufidiwa kwa sehemu kubwa. Injini ya 1KZ-TE, ambayo Toyota iliiweka katika Hilux Surf, gari la abiria la jamii ya Hilux, kuanzia mwaka 1993, hutoa katika umbo lake la mwanzo nguvu farasi 130 hivi. Hata hivyo, takwimu inayomhusu zaidi mkulima ni ya torki, yaani nguvu ya msokoto inayozungusha mhimili wa injini: nyutoni mita 289 katika mizunguko 2,000 kwa dakika, ikilinganishwa na 188 za 3L katika mizunguko 2,400. Pikapu ikiwekwa gia ya kwanza, ambayo huzidisha msokoto karibu mara 4, na transfa, yaani sanduku linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ikiwekwa katika gia ndogo inayozidisha tena mara 2.28, msokoto unaofika kwenye propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, hupanda kutoka nyutoni mita 1,700 hivi hadi zaidi ya 2,600. Katika njia ya udongo mwekundu iliyonyeshewa, kati ya shamba na kituo cha kupokea majani chai, ziada hiyo humruhusu dereva kupanda taratibu pasipo kukanyaga mafuta hadi magurudumu yakateleza.

Injini hizi hununuliwa zikiwa zimetumika Japani, mara nyingi katika maduka ya vipuri ya Nairobi kama yale ya Barabara ya Kirinyaga, na hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika, kwa sababu mnunuzi huitazama injini kwa mbele, penye turbo inayong'aa, ilhali habari muhimu iko nyuma. Sehemu kubwa ya Surf za Japani zilikuwa za gia za kujiendesha, na injini ya gari la namna hiyo huwa na sahani nyembamba ya chuma mwishoni mwa krankshafti, mahali ambapo gari la klachi huhitaji flaiwili, yaani gurudumu zito linalotunza mwendo wa injini na kubeba klachi. Krankshafti yenyewe huenda ikawa haina beringi ndogo ya katikati inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi asiyeingiza kidole kwenye tundu hilo kabla ya kulipa huja kuligundua pengo injini ikiwa tayari imefungwa, giaboksi ikinguruma kila klachi inapokanyagwa.

Herufi ya mwisho ya jina la injini nayo ina gharama yake. E humaanisha kwamba pampu ya dizeli hutawaliwa na kompyuta, ambayo hupokea habari za mizunguko, joto la maji na mkao wa pedali ya mafuta kupitia vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyogeuza hali ya injini kuwa umeme. Injini ikinunuliwa bila kompyuta yake na bila waya zake zote, zikiwa zimekatwa kwa kisu karibu na plagi kama ilivyo desturi ya wapakuaji wenye haraka, kazi ya siku chache hugeuka kuwa ya wiki nyingi za kufuatilia rangi za waya. Ipo 1KZ-T yenye pampu isiyohitaji kompyuta, na kwa gari la shamba hiyo ndiyo ya kupendelewa inapopatikana.

Surf na Hilux za wakati huo ni ndugu, lakini undugu huo una mpaka. Surf iliyobeba injini hii haikuwa na mhimili mzima mbele. Magurudumu yake yalining'inia kila moja kwa mikono yake. Katika LN106 ekseli nzima hupanda kuelekea injini kila gari linapoingia shimoni, na kwa hiyo nafasi kati ya difu ya mbele, yaani sanduku la gia la ekseli, na sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hupimwa springi zikiwa zimekandamizwa hadi mwisho. Kipimo cha gari tupu lililosimama kwenye sakafu ya gereji hakifai kitu. Mabano ya injini huchomelewa kwenye chasi baada ya kipimo hicho, huku mwinamo wa injini na giaboksi ukiachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu mwinamo ukibadilika, jointi za propela shafti hufanya kazi katika pembe ambayo hazikuundiwa na mtetemo wake husikika hadi kwenye usukani. Giaboksi ya zamani ya G52 ilitosha kwa msokoto wa 3L; kwa injini mpya ni busara kuleta ya jamii ya R150, iliyoundwa kwa msokoto mkubwa zaidi, ingawa urefu wake haulingani na wa kwanza, na propela shafti zote mbili hulazimika kurekebishwa na kusawazishwa upya.

Hata hivyo, injini nyingi za aina hii hufa kwa joto, wala si kwa kuvunjika kwa gia. Bloku ya 1KZ ni ya chuma cha kalibu na hedi yake, yaani kifuniko cha juu chenye vali, ni ya aluminiamu, madini yanayotanuka karibu maradufu ya chuma yanapopata joto. Maji yakizidi joto hata mara moja, hedi huweza kupinda au kupasuka kati ya vali. Miinuko ya Borabu huikaribisha zaidi hatari hiyo, kwa maana katika mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ilhali themostati, mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye redieta, huanza kufunguka karibu na nyuzi 80. Kinachoongeza nafasi kati ya namba hizo mbili ni mfuniko wa redieta, ambao kwa kubana shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko wenye mpira uliokauka, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi nzima, huacha nyuzi 13 tu kati ya kuanza kufunguka kwa themostati na mchemko.

Kwa sababu hiyo redieta ya 3L hubadilishwa kwa pana zaidi, kava la feni hurudishwa hata kama limebidi kukatwa na kuundwa upya, na mahali pa maji ya bomba hutiwa kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, ambayo huzuia aluminiamu isiliwe na kutu. Ujazaji nao una utaratibu: pua ya gari huinuliwa, bomba la hita hufunguliwa, na injini huachwa ingurume polepole hadi viputo viishe, kwa kuwa hewa ikibaki ndani ya hedi, kipimo cha dashibodi huweza kuonyesha hali ya kawaida wakati chuma kinaungua.

Breki hazihitaji maelezo marefu, isipokuwa jambo moja. Pedali ya gari la dizeli husaidiwa na vakyumu inayotoka kwenye pampu ndogo, ambayo katika injini nyingi hubebwa mgongoni mwa alteneta. Akifunga injini bila pampu hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi, fundi huwa ameipa pikapu nguvu ya kwenda na kuinyima ya kusimama.

Hatua ya mwisho ni ya karatasi. Logibuku ya Kenya hubeba namba ya injini na ujazo wake, na mabadiliko ya namna hii hupelekwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pamoja na stakabadhi ya ununuzi, ndipo gari likaguliwe na kumbukumbu zake zirekebishwe. Kampuni ya bima ina sababu ya kuuliza iwapo namba hazilingani. Mkaguzi hutaka kuisoma namba iliyogongwa kwenye bloku, na kwa kuwa turbo, mabomba na waya huifanya bloku iwe ngumu kuonekana injini ikishafungwa, fundi makini huisugua kwa brashi ya waya na kuipiga picha injini ingali sakafuni.