Mpiganaji wa Bure: Ukosoaji wa Champion katika Dungeons & Dragons



Mtu akikaa mara ya kwanza kwa meza ya Dungeons & Dragons, ushauri anaopewa ni ule ule: "Wewe chukua mpiganaji, njo rahisi." Wanaosema hivyo wana nia nzuri. Lakini mimi naona ushauri huo unamnyima mgeni kitu, na tena huyo mpiganaji tunayemkabidhi amejengwa vibaya. Ninamzungumzia yule anayeitwa Champion. Nachagua yeye ju njo anapatikana bila kulipa, na wengi wetu tunacheza na kile kinachopatikana bila kulipa.

Kwa asiyeujua mchezo, kwa kifupi: ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji anaongoza mtu mmoja wa hadithi, na mmoja wetu, MJ, anaongoza dunia yote iliyobaki. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka, unatupa dadu ya nyuso 20. Tangu mwanzo kulikuwa na aina tatu za watu: mpiganaji, mchawi na padri. Na hapa mchawi si mulozi wa mtaani, msiogope. Ni mtu wa vitabu, amesoma miaka mingi, karibu na sisi kabisa, tofauti ni kwamba yeye kazi ameipata.

Sheria tunazotumia wengi ni za toleo la 5, la mwaka 2014. Vitabu vyake vinauzwa kwa dola, na dola mnazijua. Lakini Januari 2023, kampuni ya Wizards of the Coast iliweka muhtasari wa sheria zake, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons, na baadaye ukapatikana ata kwa Kifaransa. Unapakua, unacheza, hauko na deni kwa mtu. Hilo ni jambo jema na nalishukuru. Shida iko ndani. Katika kitabu kizima mpiganaji ana matawi matatu ya kuchagua anapofika kiwango cha 3: Champion, Battle Master na Eldritch Knight. Katika cha bure amebaki Champion peke yake.

Tuangalie basi Champion anapata nini. Kwa kawaida, dadu ikionyesha 20 ni pigo kubwa, na dadu za madhara zinatupwa mara mbili. Champion anapata pigo kubwa kwa 19 pia. Unaposoma inapendeza. Sasa tupige hesabu. Mpe panga refu la mikono miwili, linalotupa dadu mbili za nyuso sita, wastani 7. Uso mmoja zaidi wa dadu ya 20 ni asilimia 5. Asilimia 5 ya 7 ni 0,35. Ndiyo hiyo faida yake kwa kila pigo: theluthi moja ya pointi.

Mulinganishe na Battle Master. Yeye kwa kiwango hicho hicho anapewa dadu nne za nyuso nane, zinazorudi kila akipumzika saa moja. Wastani wa dadu moja ni 4,5, zote nne ni 18. Champion ili afikishe pointi 18 za ziada anahitaji kupiga zaidi ya mara 51. Na Battle Master kila anapotumia dadu yake anachagua jambo: kumwangusha adui, kumnyang'anya silaha, kumtia hofu. Champion hachagui kitu. Anangoja 19.

Hapo njo ukosoaji wangu wa kwanza. Champion anasifiwa kwamba ni rahisi. Lakini kitu rahisi na kitu kitupu si kimoja. Jembe ni rahisi, na bado mkulima anaamua achimbe wapi, kina gani, siku gani. Champion amepewa jembe linalochimba lenyewe, mara moja moja, likipenda. Nimeona wachezaji wapya wanapitisha usiku mzima na sentensi moja: "Napiga." MJ anauliza, "Na wewe?" "Napiga." Wenzake wanabishana kama wapite mtoni au wamdanganye mlinzi, yeye anachezea simu. Halafu tunasema mchezo haukumpendeza, kumbe ni sisi tuliompa sehemu isiyo na maswali. Tulidhani tunamuhurumia, kumbe tulimhesabu kuwa hawezi. Wangapi kati yetu tulifanyiwa hivyo kwenye stage: ungojee tu, ubebe karatasi, usiulizwe kitu?

Ukosoaji wa pili ni nje ya vita. Kwa kiwango cha 7, Champion anaongezewa urefu wa kuruka kwa kukimbia. Akiwa na nguvu nyingi, sema alama ya +4, anapata mita 1,2 zaidi. Kwa kiwango hicho hicho mchawi anafungua uchawi wa ngazi ya nne, na mmoja wao unamtoa mahali alipo mpaka mita 150, anapita ukuta, na anaweza kumbeba rafiki mmoja. Mita 1,2 na mita 150, kiwango kimoja, meza moja. Mimi sisemi mpiganaji aruke hewani. Nasema walioandika sheria walidhani mtu wa nguvu anakua kwa namba, na mtu wa vitabu anakua kwa uwezo wa kuamua. Sisi ma-agronome tunafanya kazi na watu wa jembe kila siku. Tunajua dhana hiyo ni ya uongo. Mama anayelima kilimani anaamua mambo mengi kwa asubuhi moja.

Sasa, kwa kuwa cha bure njo tuko nacho, tumjenge vipi ili afae? Hapa naleta kitu cha darasani. Mnakumbuka sheria ya kiwango cha chini, ile inayohusishwa na Mjerumani Justus von Liebig: mavuno hayapimwi kwa kirutubisho kilicho kingi, yanapimwa kwa kile kilichopungua. Udongo ukikosa fosforasi, ata umwage urea magunia, mahindi hayatakushukuru. Wachezaji wengi wanajenga mpiganaji kwa kumwaga urea. Nguvu juu, silaha kubwa, na Hekima wanaiachia 8, ju "mpiganaji hahitaji".

Anahitaji. Kuna uchawi wa ngazi ya pili unaomgandisha mtu, na kinga yake ni Hekima. Adui wa kawaida anakudai ufikishe 13. Mwenye Hekima 8 anatoa 1 kwa dadu yake, kwa hiyo anashindwa mara 65 kwa 100. Akigandishwa, kila pigo la karibu linalompata ni pigo kubwa. Panga, nguvu, koti la chuma, vyote ni bure. Mwenye Hekima 14 anaongeza 2, anashindwa mara 50 kwa 100. Munaona? Hekima imemwongezea nyuso tatu za dadu mahali anapokufa. Champion kwa kiwango cha 3 ameongezewa uso mmoja mahali ambapo tayari alikuwa mzuri.

Kwa hiyo mgao wangu ni huu. Una namba sita za kugawa: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Weka 15 kwa Nguvu, 14 kwa Uimara, 13 kwa Hekima, 12 kwa Wepesi, 10 kwa Mvuto, 8 kwa Akili. Chagua binadamu wa kawaida, ambaye anaongeza 1 kila mahali. Unapata Nguvu 16, Uimara 15, Hekima 14. Ujuzi wako uwe riadha na uangalifu. Kiwango cha 4 kikifika, peleka Nguvu 18. Kiwango cha 6, ambapo mpiganaji anapata nafasi ya ziada ambayo mchawi hana, gawa moja kwa Uimara na moja kwa Wepesi, zote zinafika namba shufwa na zinaanza kukulipa.

Silaha: panga la mkono mmoja, na mkono wa pili uache mtupu. Ndiyo, mtupu. Mtindo wa kupigana uchague ule wa silaha moja, unaoongeza 2 kwa madhara. Ngao ingekupa 2 za ulinzi, na kuipoteza kunauma, siwafichi. Lakini mkono mtupu unafungua kitu ambacho watu wengi wanapita bila kusoma. Sheria za bure zinamruhusu mtu yeyote, badala ya pigo, kumsukuma adui aanguke au kumkamata asiende. Ni shindano la riadha. Kwa kiwango cha 5 mpiganaji ana mapigo mawili kwa zamu, na riadha yake ni +7. Pigo la kwanza, mwangushe. La pili, mkamate. Aliyekamatwa mwendo wake ni sifuri, na asiye na mwendo hawezi kusimama. Anabaki chini mpaka ajinasue.

Tangu hapo kila mwenzako aliye karibu anatupa dadu mbili anachukua iliyo kubwa, na adui mwenyewe akipiga anatupa mbili anachukua ndogo. Mwambie tu mwenye upinde angojee, ju aliyelala ni mgumu kupigwa kwa mbali. Na angalieni ajabu hii: ukitupa dadu mbili, pigo kubwa la Champion linakuja mara 19 kwa 100, si 10 tena. Uso ule mmoja tuliouchekelea juu sasa unaanza kuzaa. Udongo umepata fosforasi.

Kwa mgeni, faida kubwa haiko kwa hesabu. Faida ni kwamba sasa ana maswali ya kujibu. Nimkamate nani? Nimshike huyu mkubwa, au nimzuie yule anayekimbilia mchawi wetu? Nimburute mpaka wapi? Wenzake wanaanza kumuita kwa jina: "Njoo umshike huyu!" Huyo hachezei simu tena.

Haki iko pia upande wa pili. Kuna mtu anayetoka kazini amechoka, anataka kutupa dadu, apige, acheke, alale. Champion anamfaa huyo, na simkatazi. Tena mpiganaji wa kila tawi ana mambo mazuri: kwa kiwango cha 2 anaweza mara moja kufanya matendo mawili kwa zamu moja, na hiyo imeokoa vikundi vingi. Shida yangu ni kwamba uchovu wa mtu mmoja umefanywa kuwa mlango wa wageni wote wanaocheza bila kununua.

Waandishi wenyewe inaonekana walisikia. Mwaka 2024 kitabu kiliandikwa upya, na mwaka 2025 muhtasari wake, SRD 5.2, nao ukatolewa bure. Sasa mpiganaji anaanza na umahiri wa silaha tatu: nyundo ya mkono mmoja inamsukuma adui mita 3, nyundo kubwa ya mikono miwili inaweza kumwangusha. Na akishindwa jambo nje ya vita, anaweza kutumia pumzi yake ya akiba na kuongeza dadu ya nyuso kumi. Ni hatua nzuri, nawapigia makofi. Lakini tawi la bure limebaki Champion, na kwa viwango vya mwanzo kila silaha inarudia tendo lake moja, kwa hiyo kuamua kwako mara nyingi ni kubadilisha silaha tu. Kuta bado zinavukwa na mchawi.

Kwa wanaoongoza meza, naomba mambo mawili madogo. Mgeni akifika, msimchagulie. Mwulizeni: unapenda mtu wako afanye nini watu wakikwama? Akisema apige, sawa, apige. Akisema alinde, akamate, afuatilie nyayo, mjengeni kwa hilo, ata na karatasi za bure. La pili, hadithi ikifika kwa ukuta, msimwangalie mchawi kwanza. Mwangalieni mwenye panga, mumuulize anaona nini, na mumpe muda wa kufikiri kabla mwingine hajajibu.