Kiganja Juu ya Boneti

Tulifika Tabata saa moja asubuhi, mimi na fundi wangu, kuangalia Carina TI ya mwaka 2000 iliyokuwa inauzwa. Muuzaji, kijana mmoja, alikuwa anatusubiri nje. Gari limeoshwa, tairi zimepakwa dawa mpaka zinang'aa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi hakufungua mlango wala hakuuliza bei. Aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Umeliwasha?"

"Nimelipasha moto kidogo tu mzee, lisije likawasumbua."

"Basi tutarudi kesho. Usiliguse mpaka tufike."

Nilinuna njia nzima, maana nauli na asubuhi yangu vilikuwa vimepotea. Sikujua kwamba kazi niliyomwitia alikuwa ameshaianza, na kwamba mafundi wengi hawana ubavu wa kuifanya sehemu ile: kuondoka.

Injini iliyolala usiku kucha haina pa kujificha. Oili yote imeshuka chini kwenye sampu. Kama sili za valvu zimechoka, matone yamechuruzika usiku hadi ndani ya silinda, na ukiwasha utaona moshi wa bluu kwenye ekzosi kwa sekunde chache tu, kisha unakata. Ukifika nusu saa baadaye, huuoni ng'o. Ni hivyo hivyo kwa tapeti zinazogonga mpaka oili izifikie, na kwa betri iliyochoka. Sisemi kila anayelipasha moto gari lake ni mwongo. Lakini fundi anayekubali kukagua injini ya moto ameshakubali kuonyeshwa kile tu ambacho mwenye gari anataka kionekane.

Kesho yake boneti ilikuwa baridi. Kitu cha kwanza alichofungua ni kifuniko cha oili. Alikigeuza juani akapitisha kidole upande wa ndani. Kilikuwa na weusi mwembamba, mkavu, wa gari linalobadilishwa oili kwa wakati. Anachokihofia yeye ni utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, ambao mara nyingi ni maji yaliyochanganyika na oili kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Hata akiukuta hahukumu hapo hapo, kwa sababu unyevu tu unaweza kuleta povu kidogo. Anafungua rejeta pia, maadamu injini ni ya baridi, atazame kama maji nayo yana mafuta yanayoelea juu.

Hapo nilitazama pembeni. Gari langu lililotangulia nililinunua bila mtu yeyote kufungua kifuniko hicho. Nilipenda rangi, nikapenda viti, nikaamini maneno yale ya madalali, "ni kuwasha na kuondoka". Wiki ya pili lilichemsha karibu na Chalinze, watoto wamo ndani, jua la saa nane. Hedi ilikuwa imepinda. Ikachongwa, ikapinda tena. Kilichoniuma kuliko fedha ni kwamba aibu yote ya lile gari ilikuwa pale chini ya kifuniko kinachofunguliwa kwa mkono mtupu.

Kwenye bodi fundi wangu haangalii rangi, anaangalia boliti. Boliti za madigadi na za bawaba za milango hupakwa rangi kiwandani pamoja na bodi, kwa hiyo zilizowahi kufunguliwa huwa zimekwanguka pembe. Ya kulia mbele ilikuwa imekwanguka. Akatoa sumaku ndogo aliyoifunga kwenye kitambaa, akaitembeza juu ya digadi na kuuzunguka mlango. Ilinata kote, basi hapakuwa na puti, digadi ilibadilishwa nzima. Akainama kutazama chasisi, haikuwa na mkunjo. Kisha akavuta mkanda wa dereva mpaka mwisho wake kabisa, ile sehemu isiyoguswa na yeyote. Kwenye jiji ambalo Bonde la Msimbazi hufurika, mkanda ndio unaotunza alama ya matope baada ya kapeti kuoshwa na viti kubadilishwa. Ulikuwa msafi.

Halafu akakuta karatasi. Ilikuwa stika ndogo iliyofifia, imebandikwa ndani ya chumba cha injini, ya gereji ya Japani iliyobadilisha mkanda wa taimingi. Fundi hajui hata herufi moja ya Kijapani. Anachojua ni namba. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi ya mfalme wao, na enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo kwenye namba ya mwaka yeye huongeza 1988. Stika ilisema 17. Mwaka 2005 basi, kilomita 96,000 na ushee. Akaenda kwenye dashibodi. Kilomita 88,000.

Hakupayuka. Alimwita yule kijana kando, wakasimama chini ya mwarobaini, akamwonyesha namba mbili zile. Niliona uso wa kijana ukibadilika; alikuwa amelinunua hivyo hivyo, naye alikuwa ameamini. Ufundi huu naupenda kwa jambo hilo pia. Ungeweza kutumika kumdhalilisha mtu mbele ya mteja ili bei ianguke, na wapo wanaoutumia hivyo. Huyu hafanyi.

Barabarani alizima redio na kiyoyozi, akafungua vioo vyote. Alitafuta matuta na vumbi badala ya lami, akakata usukani mpaka mwisho kulia, kushoto, akisikiliza joenti. Bushi za mbele zilikuwa zimekwisha. Gia za otomatiki ziliingia bila kushtuka. Aliporudi alichomoa stiki ya gia boksi, akanusa: mafuta mekundu, hayakuwa na harufu ya kuungua. Anayo mashine ya kusomea kompyuta za magari na anaiheshimu, lakini huitoa mwisho. Mashine husoma kile ambacho sensa imekiona, na hakuna sensa ya kutu wala ya bushi.

Nilinunua Carina ile, kwa bei iliyohesabu bushi, digadi, kilomita zisizojulikana na mkanda wa taimingi ambao ulipaswa kubadilishwa upya. Kadi ya gari tuliilinganisha na namba ya chasisi herufi kwa herufi kabla sijatoa shilingi.

Fundi akanipa kazi moja. Kila usiku kwa wiki nzima nitandaze boksi la karatasi chini ya injini, boksi lile lile, mahali pale pale, na nisilitupe.

Alikuja siku ya nane, hajanywa hata chai. Nililitoa boksi akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Doa pana lililokauka bila rangi: maji ya kiyoyozi, akalipita. Doa dogo la kahawia, upande wa mkanda wa taimingi: oili, sili ya krenki imeanza kuchoka, bado ina muda. Na karibu na katikati, tone jekundu. Nilishtuka nikasema, "Gia boksi?" Hakujibu. Maji ya rejeta ya Toyota za zamani nayo ni mekundu. Alilitia kidole, akakisugua kwa dole gumba taratibu, akisikilizia kama linateleza au linanata, kisha akakipeleka puani.

"Rejeta," alisema. "Hosi ya chini. Niletee bisibisi."