Chokaa ya chaza ndani ya lita 100

Chaza wa kwanza niliyemwona akifia ndani ya kioo hakufa kwa njaa. Jioni ile mwenye tangi alikuwa amepima kalsiamu, akapata miligramu 415 kwa lita. Taa ilikuwa kali, joto nyuzi 26. Hata hivyo gamba lilibaki wazi, tundu la kuvutia maji limeachama, na ile nyama ya buluu ambayo chaza wa jamii ya Tridacna huitandaza nje kama kanga iliyoanikwa ilikuwa imesinyaa. Kulipokucha tangi lilinuka.

Tulipopima alkalini, ilikuwa digrii 5.

Kosa lilikuwa la hesabu. Chaza hujenga gamba kwa kalsiamu na bikaboneti, lakini akiba ya vitu hivi viwili haifanani hata kidogo. Maji ya bahari yana kalsiamu ya miligramu 400 na kitu kwa lita, ila alkalini yake, ambayo ndiyo akiba ya bikaboneti, ni digrii 7 hivi tu. Sasa tuseme chaza na matumbawe walio katika lita 100 wamejenga gramu 1.8 za chokaa. Kalsiamu itashuka miligramu 7 kwa lita: kutoka 415 hadi 408, tofauti ambayo vipimo vya matone vya nyumbani havikuonyeshi kwa uhakika. Alkalini itashuka digrii nzima. Yule bwana alikuwa akipima ghala lililojaa huku jingine likikauka. Katika tangi la lita 1,000 gramu zile zile zingepunguza sehemu ya kumi ya digrii, na wala asingehisi kitu. Ndiyo maana mimi husema tangi dogo si la mwanzo. Ni la mzoefu.

Tangi lililofuata aliliendesha kwa njia ya zamani, maji ya chokaa, ambayo Peter Wilkens aliwazoeza wafugaji wa matumbawe wa Ulaya katika miaka ya 1970. Sisi wa pwani chokaa tunaijua kwenye tambuu na kwenye kuta za mawe, lakini ya ujenzi isikaribie tangi, ina uchafu wake. Hutumika hidroksaidi ya kalsiamu safi: gramu 2 hivi kwa lita ya maji yasiyo na chumvi, ikorogwe, iachwe ituame, kisha yachukuliwe yale maangavu ya juu. Lita moja ya maji hayo hurudisha kiasi cha digrii moja ya alkalini katika lita 100, pamoja na kalsiamu inayolingana nayo. Na tangi la ukubwa huo, likiwa wazi, hupoteza karibu lita moja kwa siku kwa mvuke, huku chumvi ikibaki. Kwa hiyo tone lile lile hujaza pengo la maji na pengo la chokaa. Hudondoshwa usiku, polepole, kwa mpira mwembamba wenye kibano, kwa sababu taa ikizimwa kabonidayoksaidi hujikusanya na pH hushuka, nayo chokaa huipandisha. Kuimwaga kwa kikombe mara moja ni kuwaunguza viumbe.

Mwanga nao una siri yake. Mwaka 1936 C. M. Yonge, aliyekuwa ameongoza msafara wa Great Barrier Reef wa 1928–29, alieleza jinsi chaza hawa wanavyoishi na mwani mdogo ndani ya miili yao. Mwani huo hukaa katika vijibomba vinavyochipuka kutoka tumboni, na humlisha mwenyeji wake sukari. Chaza ni mkulima, basi, na mkulima anahitaji mbolea. Hapa ndipo mashine za kisasa za kutoa povu zinapoponza watu: maji husafishwa hadi naitreti inafika sifuri, mwani unapauka, chaza anakonda chini ya taa ya bei mbaya. Samaki wawili watatu wanaokula vizuri humfaa zaidi kuliko chupa ya chakula cha maji.

Uchaguzi wa aina una mtego pia. Wauzaji husifia Tridacna derasa kwa uvumilivu, na ni kweli huvumilia, ila hufika sentimita 60. Kwa lita 100 mimi ningechukua crocea, asiyezidi sana sentimita 15, nimweke juu ya mwamba karibu na taa, mkondo ukimpitia kwa upole bila kumpiga usoni. Akishajishikiza kwa nyuzi zake usimng'oe. Ukilazimika, kata nyuzi kwa wembe, maana ukivuta unararua tezi inayozitengeneza. Usiku pita na tochi ukingoni mwa gamba utafute vikonokono vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo humnyonya, vitoe kwa mswaki.

Crocea hawapatikani katika miamba yetu. Maxima na squamosa wapo, Kenya na Tanzania, lakini tafadhali waacheni huko: jamii nzima imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu miaka ya 1980, na waliozalishwa mashambani wanauzwa. Na kama tangi lako halijatimiza miezi sita, usinunue chaza. Nunua kwanza kipimo cha alkalini.