Tusameheni, Kamera Ilikuwa Ndogo

Mkanda ulipokwisha, taa za ukumbi zikawashwa, na mwongozaji wetu akasimama mbele ameshika maiki kwa mikono miwili kama mtu anayetoa rambirambi. "Ndugu zanguni," akasema, "tusameheni kwa mapungufu mliyoyaona. Kamera tuliyotumia ni ndogo, ya kawaida tu." Watu wakapiga makofi ya huruma. Mimi nilikaa safu ya tatu, na nilipiga makofi pia, maana katika mkanda ule niliandika maonyesho mawili, na kwa siku nne nzima nilishika maiki iliyofungwa kwenye mpini wa fagio.

Ni miaka mingi sasa, lakini yale makofi bado yananikera. Hivi kweli kamera ndiyo iliyotuangusha? Hebu tuutazame mkanda wetu bila kuoneana aibu. Stelingi wetu alikuwa mtoto wa tajiri, wakati kundi zima hakuna aliyewahi kuishi na tajiri. Mapigano tuliyapiga ufukweni saa mbili usiku kwa mwanga wa taa za gari moja, tukapata giza linalopiga kelele. Kwenye ofisi ya mkurugenzi tuliweka kamera kule mlangoni ili masofa yote yaonekane, nyuso za watu zikawa kama punje za mtama. Upepo ukala maneno ya mama mzazi, na hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee mazuri katika mkanda mzima. Ukweli, wenzangu, ni kwamba tuliandika hadithi ya kamera kubwa, tukaipiga kwa kamera ndogo, halafu lawama tukaitupia kamera.

Nasema hivi kwa sababu zipo sinema zilizopigwa kwa vifaa vya kununua dukani ambazo hakuna aliyesimama kuziombea radhi. Nitazitaja tatu. Sizitaji ili tuziige. Nazitaja ili tuone wenzetu walijiuliza swali gani kabla ya kubonyeza kitufe.

Ya kwanza ni Festen, ya Denmark, iliyoongozwa na Thomas Vinterberg na kutoka mwaka 1998. Miaka mitatu kabla yake, yaani 1995, Vinterberg na mwenzake Lars von Trier walitoa tamko walilolipa jina la Dogme 95, lenye kanuni kumi. Kamera ishikwe mkononi. Taa za ziada zisiwekwe. Sauti isitengenezwe mbali na picha. Vifaa vya onyesho viwe vile vilivyokutwa hapo hapo. Mauaji na bunduki za kunogesha, marufuku. Hata jina la mwongozaji lisitajwe. Ni masharti ya mganga, ukipenda. Vinterberg mwenyewe alikuja kukiri kwamba alivunja sharti kwa kufunika dirisha katika onyesho moja.

Mpiga picha wake, Anthony Dod Mantle, alitumia Sony DCR-PC3, kamera ya kidijitali ya kuenea kiganjani, aina ambayo baba wa familia angeinunua ili awapige watoto wakiwa likizo. Picha zikahamishiwa kwenye filamu ya milimita 35 kwa ajili ya majumba ya sinema, mkanda ukaenda Cannes mwaka uleule wa 1998, na ukarudi na Tuzo ya Majaji.

Sasa hadithi. Helge, mzee mwenye hoteli, anatimiza miaka 60. Ukoo mzima umekuja, suti na magauni, mvinyo unamiminwa. Mwanawe Christian anagonga glasi na kusimama. Ana hotuba mbili, moja kwenye karatasi ya kijani na moja kwenye karatasi ya njano, na anamwomba baba achague. Baba anachagua ya kijani. Basi, kwa sauti ya upole kabisa, Christian anawaeleza wageni jinsi baba alivyokuwa akiwanajisi yeye na pacha wake Linda walipokuwa wadogo. Linda amejiua siku si nyingi zilizopita. Wageni wanafanyaje? Kimya kidogo, kikohozi, kisha chakula kinaendelea.

Hapo ndipo ile kamera inapofanya kazi ambayo kamera kubwa isingeiweza. Sisi wa mjini tunaijua vizuri. Ndiyo inayopita kati ya meza kwenye harusi na kwenye sherehe za kumwaga binti, inawapiga mabibi wakila pilau na wajomba wakirekebisha tai. Kazi yake ni kutunza furaha. Mjomba akilewa akaanza kumwaga siri za ukoo, mwenyekiti wa kamati humkonyeza mpiga video, na kamera hugeuzwa ielekee keki. Vinterberg hakuigeuza. Aliichukua kamera ya furaha ya familia akaiingiza pale familia ilipofukia uchafu wake, akaiacha iangalie. Inatetemeka, inachungulia begani kwa mtu, inachelewa kumfikia anayesema kama vile jicho la mgeni linavyochelewa. Ikifika usiku, mwanga ukipungua, picha inajaa chengachenga mpaka nyuso zinakuwa kama zinaliwa na giza. Kwingine ungesema ni kasoro. Katika Festen zile chenga ni sehemu ya maana, kwa sababu hadithi yenyewe ni ya watu wasiotaka kuona. Ingekuwa kamera ya kupita juu ya reli, na taa kumi, ungejua unatazama sinema. Hii inakukalisha mezani, sahani mbele yako, na wewe nawe unajikuta umenyamaza.

Sisemi mkanda huu hauna doa. Yupo Gbatokai, Mmarekani mweusi, mpenzi wa Helene, dada yake Christian. Usiku ule anaimbiwa wimbo wa kibaguzi na meza nzima. Ni onyesho la kutisha, na limepigwa vizuri. Lakini kijana huyu anatumika zaidi kama kioo cha kuwaonyesha wenyeji ubaya wao. Yeye mwenyewe anawaza nini, mkanda unamuuliza kidogo mno. Na liko kosa jingine, ambalo si la Vinterberg bali la waliomfuata: walidhani ukweli unapatikana kwa kuitikisa kamera. Ukiitikisa kamera mbele ya uongo, unapata uongo unaotikisika.

Sinema ya pili ni Tangerine, ya Mmarekani Sean Baker, ya mwaka 2015. Hii ilipigwa kwa simu, iPhone 5s tatu, zikiwa na programu ya bei ndogo ya kudhibiti picha na kipande cha lenzi kilichobandikwa mbele ili picha iwe pana. Inafuata siku moja, mkesha wa Krismasi, huko Los Angeles. Sin-Dee katoka jela baada ya siku 28, anaambiwa na shoga yake Alexandra kwamba bwana wake kamsaliti. Wote wawili ni wanawake waliobadili jinsia na wanaishi kwa kuuza mwili barabarani. Sin-Dee anaanza kutembea. Anatembea kwa hasira, mji mzima, na simu inamkimbiza nyuma, ubavuni, chini ya jua la machungwa lililokolezwa mpaka macho yanawaka.

Waigizaji, Kitana Kiki Rodriguez na Mya Taylor, hawakuwa mastaa. Waliijua mitaa ile, na hadithi ilijengwa kwa kuwasikiliza. Fikiria lori la vifaa na watu arobaini limeegeshwa kwenye kona ile: kona isingekuwa kona tena. Mpita njia haogopi simu, kila mtu anayo. Kwa hiyo simu ilimpa Baker kitu ambacho hakiuzwi, yaani mtaa kuendelea na shughuli zake. Na mwisho wa mkanda, shoga wawili wamekaa kwenye duka la kufulia nguo, mmoja anavua wigi lake na kumpa mwenzake ambaye la kwake limechafuliwa. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Simu iko karibu, imetulia, inatosha.

Sasa msikurupuke. Tangerine inatajwa kila mahali kama sinema ya simu, watu wanadhani ilikuwa ya bure. Bajeti yake ilikuwa kama dola laki moja. Picha waliiachia simu, lakini sauti hawakuiachia; ilirekodiwa kwa vifaa vya kazi na mtu wa kazi. Mtazamaji atakuvumilia chenga. Maneno asiyoyasikia hatakuvumilia, atatoka nje kununua karanga. Festen nayo ilikuwa na kampuni nyuma yake, na waigizaji waliobobea kama Ulrich Thomsen na mzee Henning Moritzen. Kamera ilipungua bei. Muda, chakula, nauli na jasho la watu havikupungua. Anayewaambia vijana kwamba siku hizi sinema haina gharama, mara nyingi ni yule ambaye hajawalipa.

Ya tatu iko jirani. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa mwaka 2010 mkanda wa mapigano uitwao Who Killed Captain Alex? Kwa vifaa vya kuokoteza, kompyuta alizozifufua mwenyewe, bunduki za vyuma chakavu na helikopta za kubandika kwenye kompyuta ambazo hata mtoto anajua ni feki. Kwa hoja yangu mpaka hapa, mkanda huu ungepaswa kuanguka. Si ni hadithi ya kamera kubwa iliyopigwa kwa kamera ndogo, kama yetu?

Nilitazama mara ya pili ndipo nikaelewa. Nabwana haombi radhi. Nakala iliyotufikia ina sauti ya VJ Emmie juu yake, anatania, anashangilia, anamkandia stelingi, anausifu mtaa. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sauti ya namna hiyo. Lufufu aliitumia Bongo kututafsiria mikanda ya nje, na DJ Afro vivyo hivyo Kenya. Nabwana alijua watu wake wanatazamaje sinema: kwa kelele, kwa vicheko, na mtu wa kuwasimulia. Akaujenga mkanda wake ndani ya kibanda kile. Ufeki wa helikopta ukawa utani kati yake na mtazamaji. Sisi tulikuwa na helikopta yetu pia, ya maneno tu, lakini tulitaka mtazamaji aamini kwamba ni ya kweli. Tofauti ni hiyo, na ni kubwa kuliko bei ya kamera yoyote.

Kwa hiyo sinema tatu, majibu matatu. Mmoja aliichagua kamera ya sherehe kwa sababu hadithi yake ni ya sherehe. Mwingine alichagua simu kwa sababu hadithi yake iko barabarani. Wa tatu alichukua alichokuwa nacho, akacheza nacho mbele ya watu wake bila kujificha. Wote walijua kamera yao inaona nini. Sisi tulijua tu kile ambacho kamera yetu haioni.

Nimalize kwa deni langu. Kule Magomeni tulikuwa tunakutana kwenye nyumba ya bibi mmoja, nyumba ya Kiswahili yenye ua katikati, wapangaji sita na bomba moja. Kila asubuhi paligombaniwa maji, na bibi alikaa kwenye mkeka akiamua kesi kama hakimu, huku akichambua mchele. Alikuwa na maneno, yule bibi! Mara moja tuliwasha kamera kuijaribu tu, na yeye akawa anamsuta mpangaji aliyedai kuwa kalipa kodi. Dakika saba. Uso wake ulijaa kioo kizima, na sauti ilikuja safi kwa sababu kuta za ua zilizuia upepo. Tulicheka, tukarudisha kanda nyuma, tukarekodi juu yake onyesho la mtoto wa tajiri.

Baada ya usiku ule wa makofi, kikao kiliamua tusipige kitu tena mpaka tupate kamera kubwa. Tulichanga miaka mitatu. Ndani ya miaka hiyo nyumba iliuzwa na kuvunjwa, bibi akachukuliwa na watoto wake Tanga, na wapangaji wakatawanyika kila mmoja na ndoo yake. Kamera kubwa tulikuja kuikodi kwa siku mbili. Tukasimama nayo barabarani, tukitazamana, hakuna aliyejua aielekeze wapi.

Simu iliyo mfukoni mwangu leo inapiga picha safi kuliko ile kamera ya Denmark. Yako pia, bila shaka. Ua wa kwenu bado upo? Bomba? Yule anayesuta watu asubuhi? Basi siku nikija ukumbini nikusikie unaomba radhi kwa sababu ya kamera, ujue sitapiga makofi. Nitanyoosha mkono nikuulize ulikuwa unatazama nini.